Siku ya Thelathini na Tano

Mizani ya ndoano niliiazima kwa muuza papa.
Inanuka chumvi, lakini haisemi uongo.
Nimemfunga kuku miguu kwa kipande cha leso,
nikamning'iniza kichwa chini, nikasoma:
kilo moja na robo.
Nikasoma tena.

Kundi lililopita, siku kama ya leo,
walifika kilo mbili kasorobo,
vifua vimejaa kama mito ya sufi.
Banda ni lile lile, hapa Mtopanga, ukutani kwa Bi Mwanamisi.
Maji ni yale yale ya mkokoteni.
Chanjo niliwatia mwenyewe, jicho baada ya jicho.
Kilichobadilika ni gunia.

Mwachiro alinipunguzia mia nne kila gunia.
"Chakula ni chakula, Mama Kibibi," akasema,
"kuku hajui kusoma."
Nami nikacheka.
Nilicheka, Mungu anisamehe,
nikapiga mia nne mara kumi na mbili,
nikaiona karo.

Leo nimechota konzi moja,
nikaitia katika gilasi ya maji,
nikangoja kama angojaye majani ya chai yatue.
Chini, mchanga,
mweupe, wa Shanzu, ningeutambua hata gizani.
Juu, maranda yanaelea.
Katikati, maji yaliyosikia habari za dagaa kwa mbali.

Maranda!
Wanalala juu ya maranda, wanakunya juu ya maranda,
nami nawapakulia maranda.
Ndiyo maana wakila na kula, usiku kucha chini ya taa,
gole limevimba, paja njiti,
wananitazama kwa jicho la upande,
mimi nadhani ni ulafi.

Dereva wa hoteli ya Nyali alikuja asubuhi.
Akabonyeza kifua kimoja kwa kidole gumba,
akafunga mlango wa gari.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kibibi karudi shule, kakaa juu ya debe,
anachovya hamri la jana katika chai ya rangi.
Nikakitazama kifundo cha mkono wake.
"Mama, mbona huyu hakui?"
Alikuwa amemshika kuku.
Nilichelewa kujibu.

Gilasi nimeifunika kwa kisahani,
nikaibeba kwa mikono miwili, barabara nzima,
watu wakinipisha wakidhani ni dawa ya mgonjwa.
Dukani kulikuwa na wateja watatu.
Nikaiweka mbele ya Mwachiro,
nikakifunua kisahani taratibu.
"Karibu," nikamwambia.
"Chakula ni chakula."