Mlinzi wa Ufa

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mhandisi Dulmaa hana habari nao.
Yeye hulipwa mshahara aulinde ufa,
upana wa kidole, kati ya reli na reli,
kusini ya Choir, jangwani, mwezi wa Januari,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.

Mkobani mna fimbo ya chuma ya kupimia njia,
vibati vyembamba vya kupenyeza ufani,
spana ndefu kama paja la ngamia,
kipimajoto cha sumaku kinachoing'ang'ania reli kama kupe.
Na penseli. Wino huku huganda,
kalamu ikaandika hewa.

Batsukh hushika daftari, huvuta kamasi.
"Kumi na saba," asema mama. "Kumi na nane. Kumi na saba."
Chuma kikipoa husinyaa, ufa huachama;
Julai kitavimba, kitadai nafasi yake,
nayo iwepo, la sivyo
njia itajipinda kama nyoka aliyekanyagwa,
na mabehewa ya makaa yalale ubavu mchangani.

Kilomita ya mia tatu na tisa.
Apenyeza kibati. Hakipiti.
Avua glavu, apitisha ukucha.
Reli zimebusiana, kwa baridi hii!
Batsukh acheka: "Si vizuri? Zimeshikana."

Reli hutembea, kijana. Kila treni inayoteremka
huisukuma unywele mmoja, unywele mmoja,
na nywele za miaka kumi ni nyingi.

Treni ya makaa itapita saa nane na dakika ishirini.
Wana dakika arobaini.
Spana zikalia. Boliti moja ikagoma:
mafundi wanne waliipiga nyundo, wakaitukana,
mama akaimiminia chai ya chumvi kutoka chupani
(ilikuwa ya moto, na ndiyo ya mwisho)
ikalegea.
Wakafunga mtambo wa kuvutia, wakavuta,
wakavuta, hadi mwanga ukapita katikati,
mwembamba, wa buluu.

Treni ikaja. Ta-tak. Ta-tak.
Dulmaa kando, kichwa kakiinamisha,
anasikiliza magurudumu yakiruka
kitu ambacho hakipo.

"Andika."
"Ngapi, mama?"
"Kumi na nane."

Batsukh aliandika. Kisha, bila kuambiwa,
pembeni, kwa herufi ndogo:
chai imekwisha.