Kuni za Min Iro

Wazungu waliipa jina la binti wa mkubwa fulani,
wakaliandika ubavuni kwa rangi nyeupe.
Sisi wa gatini tuliiita Min Iro, mama wa moshi,
maana ilionekana angani
kabla haijaonekana majini.

Kazi yangu ilikuwa kuni.
Si kuzikata. Kuzichagua.
Nilizigonga mbili mbili, kama anunuaye vyungu,
nikategea sikio.
Mgunga mkavu husema ko!
Mkwaju husema kidogo na kuficha mengi.
Kuni mbichi hunung'unika, na moshi wake
hufika Mwanza kabla ya barua.

Zamani hakuna aliyeniuliza habari za cheche.
Usiku meli ilipita na shanga nyekundu shingoni mwa dohani,
watoto wa Dunga wakizihesabu,
taa ya kilimani ikiiitikia.
Kisha Mdachi akatega mzinga ng'ambo ya kusini.
Taa ikazimwa.
Kengele ikafungwa kitambaa kinywani kama maiti,
na serahangi Yusuf Dalvi akaja hadi kwenye lundo langu,
akachuchumaa.
"Mama," akasema, "nipe moto usiojitangaza."

Nikampa mgunga wa Nyakach.
Miezi mitatu Min Iro ilikwenda Karungu na kurudi,
unga, nyumbu, masanduku ya risasi, wagonjwa wa kuhara damu,
gizani, ikipapasa miamba kwa upondo
kama kipofu nyumbani kwa mkwewe.
Magak, mwana wa dada yangu, ndiye aliyelisha tanuri.
Alirudi macho mekundu, nyusi zimeungua, akinitania:
"Mama mdogo, kuni zako zina adabu."

Mwezi wa nne mgunga ukaisha.
Nyakach nzima visiki.
Treni ikashusha mwerezi kutoka Londiani,
mwekundu, mwepesi, wanukia kama sanduku la bibi harusi.
Nikaugonga. Ukacheka.
Na kuni icheleayo mkononi
itapiga kelele motoni, hilo nalijua
kama nijuavyo matiti yangu.

Karani akatazama saa. Mzigo ni mzigo, alisema.
Alilipa kwa hesabu ya mafungu.
Nikaupanga mwerezi katikati, mgunga juu, mgunga chini,
kama muuza omena afichaye waliovunjika.
Mafungu arobaini na moja.
Ukiniuliza kwa nini: kodi ya kibanda, rupia tatu,
na mume wangu amechukuliwa upagazi,
harudi, hatumi neno.

Magak alinipungia koleo.
Mikono yangu ilikuwa inanukia vizuri.

Usiku wa tatu kitu kilinguruma kusini.
Tulisema radi. Tuliingiza nguo ndani.

Ilirudi ikikokotwa,
dohani imelala kama mlevi,
ubavu wenye jina umepasuka,
pamebaki herufi mbili nisizoweza kuzisoma.
Dalvi alishuka, mkono mmoja umefungwa kifuani.
Watu walimzingira, kila mmoja na jina lake la kuuliza.
La kwangu sikuliuliza.
Alisimama mbele yangu, akatazama lundo,
akaokota kibanzi chekundu, akakinusa,
akakitia mfukoni.
"Ni mwezi," akasema. "Mwezi ulitoka ghafla, wakatuona."

Karani akanilipa arobaini na moja, kamili.
Kodi nikalipa. Stakabadhi ninayo.

Miaka imepita, bado nahesabu kwa vidole.
Mwezi wa usiku ule ulikuwa wa siku ya pili,
mwembamba kama ukucha,
ulizama kabla watu hawajamaliza kula.
Naye Dalvi alikuwa mtu wa kufunga na kufungua,
tarehe za mwezi
alizijua kunishinda.