Safari ya Shelisheli

Chande kaitandika mezani ramani ya Hidaya,
ile ya darasa la sita, yenye doa la mchuzi juu ya Kongo,
akaibana kwa kopo la chumvi huku, simu yangu kule,
akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena.
"Hapa," akasema,
na kidole chake kikaifunika nchi nzima,
uwanja wa ndege, bunge, na watu wake wote.

Hidaya akauliza, "Tunakwenda kwenye shelisheli?
Si lipo hapo kwa Mama Ndimbo?"
Na kweli. Mti umeuegemea ukuta wetu, Mtoni Kijichi,
kama jirani anayesikiliza ugomvi,
na kila msimu hutudondoshea mawili matatu juu ya bati
bila kuomba radhi.

Tukacheka. Kisha tukahesabu.
Upatu wangu unatoka Oktoba.
Chande anadai saa za ziada bandarini, tangu Pasaka.
Nauli nimeiandika kwa penseli,
maana hupanda usiku, sisi tukilala.
Kadi za chanjo zipo mbili,
ya tatu panya kaila pembe, ile yenye mhuri.

Kule Uhamiaji, Kurasini, kijana wa kamera aliniambia,
"Usicheke, mama. Kaza uso."
Nikakaza. Nikatoka kama mdaiwa wa kikoba.
Lakini kitabu ninacho sasa, nakifungua nikiwa peke yangu:
kurasa tupu, safi kuliko shuka za bibi harusi,
hakuna aliyekwisha kuniruhusu kupita popote.

Wifi Mwajabu akaja, akanywa chai, akanena:
"Mchanga? Mchanga upo Kigamboni, vuka na pantoni.
Nazi mnazo. Joto mnalo hadi mnalala sakafuni.
Mnakwenda kununua kitu gani
ambacho Mungu hajawapa bure?"

Sikumjibu. Jibu lilikuwa refu kuliko kikombe chake.

Nataka kuamka mahali ambapo hakuna ajuaye
kwamba mimi ni Mama Hidaya.
Sufuria iungue, isiwe yangu.
Luku iishe, akimbie mwingine.
Nataka, wifi yangu, kuwa mgeni.
Miaka kumi na minne nimepokea:
binamu wa Muhimbili na faili lake,
shangazi wa kesi ya kiwanja,
mtoto wa rafiki aliyekuja kwa usaili wa siku moja
akakaa mpaka akaoa.
Nimewapa wali, nimewapa kitanda,
siku ya tatu ikapita, na ya thelathini,
jembe sikumkabidhi hata mmoja.
Basi na mimi nibishiwe hodi polepole,
niulizwe kwa Krioli nisiyoielewa
kama nimelala salama,
nijibu kwa Kiswahili, kirefu, chote.

Sanduku tulinunua Mtaa wa Kongo,
gurudumu moja likabakia Msimbazi.
Limesimama nyuma ya mlango tangu Machi.
Ndani nimetia doti moja ya kanga isiyoguswa maji,
dawa ya mbu, ndala za Hidaya zitakazokuwa zimembana,
na, Chande hajui, pilipili ya kusaga,
kwani siwaamini wapishi wa hoteli.

Likizo yake wamempa Juni.
Yangu, bosi kaandika "Subiri" kwa wino wa kijani,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Jana, saa nane za usiku,
kitu kikadunda juu ya bati, kikaviringika,
kikatulia kwenye gata.
Nyumba nzima ikashtuka, sanduku likaanguka.
Hidaya akaita kutoka chumbani kwake,
sauti imejaa usingizi:
"Mama, tumefika?"

Chande hakufumbua macho.
"Bado," akasema. "Lala. Wanakagua pasipoti."

Nami gizani
nikakaza uso.