Ua

Niliung'oa kilimani Ruti mwezi wa Machi,
mche wa muyonza usiozidi kiganja,
mizizi imekumbatia jiwe haitaki kuliachia.
Nikaufunga kwa gunia bichi,
nikaupakata kwenye boda kama mgonjwa.
Afande, dawa hiyo? akauliza kijana.
Ua, nikamjibu.
Hakuuliza ua gani: la kunusa, au wa kuzingira.
Miaka thelathini kazini
neno hilo nililijua kwa maana ya tatu.

Jeninah alitaka ukuta
wenye vigae vya chupa juu, kama wa jirani.
Pensheni ikakataa.
Miiba hii itatulinda, nikasema.
Akautazama mche, akanitazama mimi,
akaenda zake kumenya matoke.

Mbuzi wa Kyomuhangi akaula hadi shina.
Julai ikakausha kilichobaki.
Nikaumwagia maji ya vyombo, majivu,
samadi, tena samadi,
nikauchungulia asubuhi na jioni
mpaka ukanichoka, au mimi nikauchoka.
Nikauacha.
Ndipo ukachipua.

Muyonza haupendi kubembelezwa.
Ukiukata unatoa maziwa yanayonata kisuni,
kisha unarudi kwa miiba miwilimiwili,
imepanuka kama pembe za ng'ombe wetu.

Mwaka wa tatu, usiku,
Jeninah akageuka kitandani:
Nani kajipaka manukato humu?
Nikafungua dirisha.
Kumbe ni vile vinyota vyeupe,
vyekundu kidogo mgongoni,
vimejaa gizani bila kutuaga wala kutubishia hodi.

Matunda yakaja ya kijani, yakapiga wekundu,
na kila yalipoiva meusi, yakatoweka.
Ndege, akasema Jeninah.
Ndege hawaachi kandambili moja, nikasema,
nikakaa nyuma ya tangi la maji
kwa subira ile ile ya zamani.

Saa kumi na moja akaingia Ainebyona, mjukuu wa Kyomuhangi,
mikono imechorwa mistari ya damu.
Umekula?
Hapana, Afande.
Toa ulimi.
Ulimi ulikuwa zambarau mpaka kooni.

Sikuwa na daftari. Sikuwa na kalamu.
Nilikuwa na kikombe cha bati,
nikampa, nikamwonyesha upande wa nyuma
ambako miiba ni michache
na yaliyoiva bado hayajaonwa na mtu.

Alipoondoka nikamkuta Jeninah ukutani kwetu,
yaani pale ambapo ukuta haupo,
ananyonya kidole kilichochomwa,
na meno yake, nisiseme mengi,
nayo yalikuwa ushahidi.