Noti Saba

Rosario, Julai ya baridi. Zulema amefunga bucha,
amenawa mikono mara mbili, bado inanuka mafuta ya ng'ombe.
Bandoneoni imelala mapajani, juu ya taulo.

Kitufe ni kilekile: ukivuta kinasema hivi,
ukisukuma kinageuza kauli.
Vitufe sabini na kimoja, vyote vigeugeu.

Metronomu: arobaini.
Bomba linalovuja lina haraka kuliko yeye.
Noti saba tu. Anazirudia
kama mtu achaguaye mchele gizani.
Kidole cha pete, kile alichokikata mwaka juzi,
kinafika nyuma ya wenzake,
kinapiga hodi nyumba imeshalala.

Baudilio, jirani, anagonga ukuta:
"Huo ni wimbo au unapigilia misumari?"
Hajibu.
Arobaini na mbili.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini kimoja kikichelewa, vyote vina hatia.

Septemba. Jioni moja, akiwaza deni la mbavu
ambalo mwalimu Ferreyra hajalipa,
mikono ikatoka mbio bila kumwaga,
noti zote saba, safi, kama maji.

Akashtuka. Akatazama vidole
kama watoto waliorudi wamejua kusoma.

Kisha akarudisha metronomu:
arobaini.