Kengele ya Saa Tisa

Kwa Kiarabu hajambo.
Kwa Kiarabu ni alhamdulillah mara tatu:
kwa mlinzi wa chini, kwa karani wa mapokezi,
na kwangu, kabla hajakaa.
Kisha huvua viatu bila kuambiwa,
akakunja miguu juu ya kochi la kliniki,
na hapo ndipo anapougua, kwa Kiswahili.

Ghorofa ya pili, Alkhuwair.
Nje magari yamepangwa juani kama masufuria mekoni.
Ndani kiyoyozi kinakohoa.
Bi Thuwaiba, miaka hamsini na minane,
kumi na tisa kati yake kamuuguza mamake:
kumgeuza ubavu, kumlisha uji kwa kijiko cha chai,
kumdunga sindano ya sukari.
Mwezi wa Rajabu mama kaondoka.
"Sasa niambie wewe uliyesoma," anasema,
"mie wa nini?"

Hakusema maisha ya nini.
Hilo ningelijibu;
shuleni tulipewa ngazi za kupandia maswali marefu.
Alisema mie,
akajipapasa kifuani kama anayetafuta funguo.

Majibu nilikuwa nayo, naapa.
La dini, la vitabuni,
na moja la bibi yangu wa Wete
lililonivusha mwaka ule
nilipokuwa nakatiza barabara kuu bila kutazama.
Nikayameza yote.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kimya.
Kimya ni unga wa maandazi,
ukiufunuafunua hauumuki.

Simu yake ikalia mkobani.
Saa tisa. Kengele ya sindano.
Miezi mitano, na bado inalia.
"Wala sijui kuifuta," akasema,
na sote wawili tukajua kuwa anajua.

Sikusema ifute. Sikusema iache.
Nikauliza:
"Ikilia nyumbani, mikono yako hufanya nini?"

Akaitazama
kama wageni walioingia bila hodi.
"Hukimbilia sinki, ikajiosha.
Kisha hukaa hivi," akaikunjua, viganja juu,
"inangoja paja."
Akacheka. Kisha hakucheka.
Sanduku la tishu nikaliacha palepale mezani;
kumsogezea ni kumwambia basi, yatosha.

"Akinitukana, unajua?
Kila sindano, tusi jipya.
Matusi ya Mkoani, ya zamani, yenye vina.
Maskati yote hii
hakuna tena wa kunitukana vile."

"Nitajie moja."

Alinitajia. Siliandiki hapa.
Tulicheka mpaka karani akagonga mlango
kuuliza kama kuna usalama.

Faili linataka mistari mitatu:
lengo, maendeleo, mpango.
Nimeandika: *Ameuliza. Hajajibiwa. Atarudi Jumatatu.*
Mkuu wangu atapiga duara jekundu pale katikati,
na ana haki yake,
nami sitalibadilisha.

Sikuandika kwamba, akivaa viatu,
kwa mkono mmoja ukutani,
aliniomba Jumatatu nisimpangie asubuhi.
Anataka saa tisa
imkute hapa.