Koki ya Chini

Tunu, kabla hujaishika bunduki ya nati,
piga goti hapa, chini ya tangi.
Ione koki hii, ina kutu mdomoni.
Ifungue polepole, uso ukiwa pembeni.
Cheka, lakini usiiachie. Najua inavyojamba.

Haya ni maji. Hakuna aliyeyatia.
Ni hewa ya Vingunguti, nzito,
yenye chumvi na harufu ya machinjioni;
kompresa huimeza tangu asubuhi
na jioni tangi linatoka jasho kwa ndani,
pale kitambaa chako kisipofika.
Kutu huanzia hapo. Haipigi hodi.

Oili matone mawili, kwenye tundu la kuingizia upepo,
kila siku kabla ya chai, si baada.
Mawili. Pazi alikuwa akimimina kama anaunga mchuzi,
bunduki ikatutemea mashati kutwa nzima.

Hozi ipitishe kiganjani, pima kwa pima,
uikunje unapoitilia shaka:
ufa hujificha mpaka ukunjwe.
Ukikuta pamefungwa raba ya baiskeli
ujue hapo alipita fundi mvivu.
Wakati fulani alikuwa mimi.

Ukibadilisha boksi, chomoa hozi kwanza,
kisha bonyeza kifyatuo, itoe pumzi ya mwisho.
Bunduki iliyonyamaza haijafa.

Na usijipulize vumbi! Nimekuona
ukilitazama shati lako, ukiutazama mpira.
Upepo huu hauijui ngozi, huipita.
Jikung'ute kwa mkono, kama mkeka.
Miwani imekwaruzika, ndiyo, ina ukungu.
Bora ukungu unaouvua jioni.

Sasa inuka, njoo huku juu.
Kidude hiki cha shaba kina pete. Ivute.
Imelia? Basi iko hai.
Unauliza mkwaruzo huu shingoni mwake.
Ni waya. Niliufunga mimi,
mwaka ule malori ya Tunduma
yalipopanga foleni hadi relini,
na kila valvu ilipopumua
niliona shilingi zinatoroka.
Nikaifunga mdomo.
Siku tatu mshale wa geji ulilala kwenye wekundu
nami nikauzoea,
kama mtu anavyozoea deni.

Tangi halikupasuka. Ndiyo aibu yangu:
sina kovu la kukuonyesha.
Siku ya nne Mwamvita alileta chakula,
akaliegemea tangi, mtoto mgongoni,
akingoja nimalize gurudumu.
Mtoto alikuwa amelaza shavu
karibu kabisa na chuma.

Nilizima mota. Nikamwambia sogea,
sogea kule, kule kwenye kivuli cha lori,
kuna jua hapa.
Akasogea, akinishangaa, maana mawingu yalitanda.
Nikaukata waya kwa koleo.
Valvu ikapiga ukelele, mtoto akaamka akilia,
na mimi mikono ikinitetemeka
nikashindwa kufungua hotipoti.
Mwamvita akadhani ni njaa.

Hajui hadi leo.
Wewe ndiye wa kwanza, na nimekwambia
kwa sababu kesho malori yatajaa
na valvu itapumua,
na utasikia kitu kikikunong'oneza kuhusu waya.

Haya, rudi chini. Maji yameisha?
Bado yanachuruzika, tena mekundu.
Usifunge.
Ngoja mpaka utoke upepo mtupu.